KUCHAGUA LEYA ZENYE MASKI KWENYE PICHA: ULICHOFICHA BADO KIPO

Leo kijana wenu wa hapa Bilele naleta somo la kiufundi, ila linatuhusu wote tunaotengeneza picha hapa Bukoba na Muleba, iwe kadi za harusi, mabango ya misiba au picha za habari.

Kwanza tuelewane. Leya ni kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine, ukitazama kwa juu unaona picha moja. Photoshop ilipata leya kwenye toleo la 3.0, mwaka 1994. Maski ni pazia la leya. Ukipaka nyeupe sehemu inaonekana, ukipaka nyeusi inafichika, na kijivu inaonekana nusunusu. Kifutio kinaondoa kabisa, lakini maski haifuti kitu. Ukibadili mawazo kesho, unapaka nyeupe tu na picha inarudi.

1. JUA UMESHIKA NINI
Leya yenye maski ina vipicha viwili kwenye paneli. Cha kushoto ni picha yenyewe, cha kulia ni maski. Ukibofya jina la leya, haimaanishi kwamba umeshika maski. Angalia kile chenye fremu pembeni, hicho ndo kinachofanya kazi. Alama nyingine ni rangi: ukishika maski, rangi zako kwenye Photoshop zinageuka nyeupe, nyeusi na kijivu. Usipoangalia hilo, brashi nyeusi inaishia usoni kwa bwana harusi badala ya kwenye pazia.

2. VITUFE VYA PHOTOSHOP
Bofya kipicha cha maski huku umeshika:
- Alt: unaiona maski peke yake.
- Shift: maski inazimwa na kuwekewa alama nyekundu ya X. Rudia, inawaka.
- Ctrl: unapata mstari wa vidoti unaofuata umbo la maski.

Hapo kwenye Ctrl pana mtego. Ukitaka kuchagua leya kadhaa kwa pamoja, bofya majina yake ukiwa umeshika Ctrl, usibofye vipicha. Ukigusa kipicha unapata vidoti, na leya haijaongezeka.

3. LEYA ZIKIWA NYINGI
Faili la bango linaweza kuwa na leya hamsini. Kuanzia Photoshop CS6 ya mwaka 2012, juu ya paneli kuna kichujio. Chagua Attribute, halafu Layer Mask. Zinabaki zenye maski tu. Ukimaliza, zima kichujio, maana unaweza kudhani leya nyingine zimepotea.

4. WATUMIAJI WA GIMP
Hii ni ya bure, na kwetu tunaojitafutia inasaidia sana. Vitufe vyake havifanani na vya Photoshop, kwa hiyo pitia menyu ya Layer, kisha Mask. Humo utakuta kuhariri maski, kuionyesha, kuizima na kuigeuza kuwa vidoti. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, linakuruhusu kuchagua leya nyingi kwa mpigo.

5. KWA NINI NAWASUMBUA NA HAYA
Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43, na 19 walifariki. Siku kama hiyo kila mwenye simu ana picha, na anayetaka kuilinda heshima ya marehemu au ya mtoto inabidi afiche uso. Njia ya kawaida ni kunakili leya, kuiweka ukungu ile ya juu, kisha maski inaacha ukungu uonekane usoni tu.

Sasa sikiliza. Uso halisi bado uko leya ya chini. Ukimtumia mtu faili la PSD, au XCF la GIMP, umemtumia na uso wenyewe. Anaificha leya ya juu yenye ukungu, kazi kwisha. Kwa hiyo faili la leya baki nalo mwenyewe, la kutuma toa JPEG, ambayo inabana leya zote kuwa moja. Na ukungu mwepesi hautoshi, watu wanamtambua jirani yao hata kwa umbo la kichwa. Paka rangi nzito isiyopenya.

Tena tangu 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ila hata bila sheria, mfiwa asikutane na sura ya mpendwa wake kwenye simu ya mtu kabla hajamzika.

Kabla hujatuma fanya jaribio dogo: lifungue faili lile lile unalotaka kutuma, utazame paneli ya leya. Ukiona leya moja tu, isiyo na maski, tuma. Ukiona zaidi ya moja, rudi nyuma.

Mwenye njia ya mkato zaidi aitupie hapo chini, tufaidike wote. Nawasilisha.