Kuishi na saratani ya figo

Saratani ya figo hukua kimya. Figo zimejificha nyuma ya tumbo, chini ya mbavu, na uvimbe unaweza kuongezeka humo kwa muda mrefu bila maumivu. Wagonjwa wengi hugunduliwa kwa bahati, wanapokwenda kupigwa ultrasaundi kwa ajili ya tatizo jingine. Dalili inayojulikana zaidi ni mkojo wenye damu. Mahali penye kichocho cha mkojo, kama pwani, damu hiyo huweza kudhaniwa kichocho, mgonjwa akapewa dawa na kurudishwa nyumbani. Anayepitia njia hiyo hufika kwenye tiba akijilaumu kwa muda uliopotea, na kumwondolea lawama hiyo ni sehemu ya kumuuguza.

Kwa watu wazima, takriban saratani 9 kati ya 10 za figo huanzia kwenye mirija midogo inayotengeneza mkojo. Tiba yake kuu ni upasuaji, wa kutoa figo yote au sehemu yake. Dawa za kemotherapi zinazotumika kwa saratani nyingine hazifui dafu hapa. Ugonjwa uliosambaa hutibiwa kwa vidonge vinavyozuia uvimbe kujiotesha mishipa ya damu, kama sunitinibu, au kwa dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Tofauti hii humgusa mgonjwa hata nje ya hospitali. Jirani aliyezoea kuona wagonjwa wa saratani wakinyonyoka nywele humkuta huyu na nywele zake zote, akaamini amepona. Kumbe uchovu wake ni mzito, viganja na nyayo zinawaka kwa sababu ya vidonge, na shinikizo la damu limepanda. Mtu anayeonekana mzima huombwa kazi kama mzima, naye huona haya kukataa.

Figo moja ikitolewa, iliyobaki, ikiwa nzima, hutanuka na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya zote mbili. Watu wengi huishi nayo miaka mingi. Inahitaji kulindwa: shinikizo la damu lipimwe, kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ifuatiliwe, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisinunuliwe dukani bila kumuuliza daktari. Vivyo hivyo kwa dawa za mitishamba, ambazo ndugu huzileta kwa upendo na ambazo baadhi huumiza figo. Mgonjwa anayemweleza daktari kila anachokunywa bila kuogopa kukaripiwa yuko salama zaidi.

Saratani hii inaweza kurudi hata baada ya miaka 5, kwa hiyo vipimo vya CT huendelea muda mrefu. Siku za kusubiri majibu ndizo zinazotajwa na wagonjwa wengi kuwa ngumu kuliko za upasuaji. Usingizi hupotea, na kila kichomi cha mgongo huonekana ni ugonjwa umerudi. Kwenda kuchukua majibu na mtu wa kusikiliza pamoja na kuandika maneno ya daktari husaidia kuliko inavyodhaniwa.

Kikwazo kikubwa cha msaada ni siri. Katika familia nyingi ndugu huelezwa jina la ugonjwa, mgonjwa akaambiwa ni “uvimbe” tu. Nia ni kumlinda, lakini mara nyingi ameshajua, na sasa hana wa kuzungumza naye. Michango ya ukoo, zamu za kulala hospitalini na wageni wanaokuja kutoa pole ni hazina kubwa ya Afrika Mashariki. Siri huifanya ishindwe kufika kwenye hofu yenyewe.

Hofu hiyo huelezwa vizuri zaidi na aliyeipitia. Tatizo ni kwamba saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi zina wagonjwa wengi zaidi, na mwenye ya figo anaweza kumaliza tiba bila kukutana na mwenzake. Vikundi vya saratani za aina zote huziba pengo hilo. Jijini Nairobi, Faraja Cancer Support Trust imekuwa ikitoa ushauri nasaha kwa wagonjwa na familia zao tangu 2010. Kimataifa, Siku ya Saratani ya Figo huadhimishwa Alhamisi ya tatu ya Juni.

Watoto wana aina yao, uvimbe wa Wilms, ambao kwa kawaida hushika walio chini ya miaka 5 na mara nyingi hugunduliwa na mama anayemwogesha mwanawe. Huu husikia kemotherapi vizuri. Tishio kwa wengi ni kukatiza tiba, kwa sababu ya nauli na watoto wengine walioachwa nyumbani, hivyo malazi ya mzazi karibu na hospitali ni sehemu ya tiba kama ilivyo dawa.

Ugonjwa usipotibika, tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso, huendelea. Nairobi Hospice ilianza 1990, na Hospice Africa Uganda ikaanzishwa 1993 na daktari Anne Merriman, aliyeeneza mofini ya maji kwa maumivu makali. Mgonjwa huinywa nyumbani kwake, kwa kipimo alichopangiwa na kwa saa zake, bila kungoja maumivu yaanze.