Somo la Historia: Kitu Gani Kilichoshika Kuta za Kale?

Wekeni kalamu na daftari tayari, maana leo tutaandika maneno matatu: gundi, chokaa, saruji.

Mara nyingi twasikia watu wakisema, "Wazee wetu walijenga kwa chokaa tu, kwa sababu hawakuwa na saruji." Tulichungue neno hilo "tu". Je, chokaa ni saruji dhaifu, au ni kitu kingine chenye kazi yake?

Tuanze na gundi. Gundi ya zamani ni utomvu wa mti kama mgunga, au hupatikana kwa kuchemsha ngozi na kwato za wanyama. Hushika karatasi na karatasi, au ubao na ubao, vitu ambavyo nyuso zao zimelingana. Hushika kwa kukauka. Ukiitia maji, hulainika tena. Lakini mawe mawili ya mwashi hayalingani. Kati yake mna mapengo, na mvua huyapiga. Kwa hiyo mwashi huhitaji udongo wa kujengea, yaani mchanganyiko wa mchanga, maji, na kitu cha kuushikanisha mchanga huo. Kitu hicho chaweza kuwa chokaa, au chaweza kuwa saruji.

Sasa twende Kilwa Kisiwani, kusini mwa pwani ya Tanzania. Huko uko Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa katika karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, hata ukawa na kuba nyingi za mawe. Iko pia Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la karne ya 14. Majengo hayo ni ya mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Na chokaa yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka katika matumbawe hayo hayo.

Kazi ilikuwa hivi. Mafundi walipanga magogo yakawa chungu kubwa, wakaweka matumbawe juu yake, wakawasha moto. Hilo ndilo tanuu. Moto ulifukuza hewa iliyofungwa ndani ya mawe. Mawe yaliyoungua yalipotiwa maji yalichemka, yakapasuka, yakawa unga mweupe. Unga huo ulilowekwa, ukaachwa ukae muda mrefu, kisha ukachanganywa na mchanga. Ukutani, chokaa ilivuta polepole hewa ile ile iliyofukuzwa na moto, ikageuka jiwe tena. Kwa hiyo ukuta wa chokaa hauharakishwi. Huendelea kukomaa kwa miaka mingi.

Saruji ni habari nyingine. Neno lenyewe ni la kale, nasi tulilipata kwa Waarabu. Huko Omani, saruji lilikuwa jina la udongo uliochomwa na kusagwa, ukatumiwa katika mifereji ya maji na ngome. Lakini saruji ya mifuko tunayoijua leo ilianzia Uingereza. Mwaka 1824, mwashi mmoja wa Leeds, jina lake Joseph Aspdin, alipewa hati ya kumiliki uvumbuzi wake wa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi. Aliuita unga huo Portland, kwa kuwa ulipokauka ulifanana na mawe ya mahali paitwapo Portland. Kwetu Afrika Mashariki, kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Na kile cha Wazo Hill, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1966.

Saruji haingoji hewa. Hushikana kwa kuungana na maji, hata ikizamishwa majini huwa ngumu. Kwa daraja, tangi la maji au nyumba ya ghorofa nyingi, ni msaada mkubwa sana.

Lakini sikilizeni jambo hili, hasa ninyi mnaokaa katika nyumba za kale za pwani. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu na chumvi huingia, kisha hutoka kupitia kwenye chokaa laini. Ukiupaka saruji, umeuziba njia. Unyevu hubaki ndani, hutafuta pa kutokea, na chumvi yake hulila jiwe. Baada ya masika kadhaa utaona kiraka kizima, na jiwe la pembeni limekuwa unga. Aliyetaka kuuokoa ukuta ameuumiza, naye alikuwa na nia njema.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalihesabiwa kuwa yamo hatarini. Yalitengenezwa, yakatolewa katika hatari hiyo mwaka 2014. Kuta za namna hiyo hutakiwa kutengenezwa kwa chokaa, kama zilivyojengwa.

Basi, tulifute neno "tu". Wazee hawakukosa kitu. Walikijua kitu chao. Kabla hujaziba ufa katika nyumba ya babu yako, uliza kwanza: ukuta huu ulishikwa na nini?

Maswali ya kujibu nyumbani:
1. Kwa nini gundi haifai kushikanisha mawe?
2. Chokaa hukomaa kwa kitu gani? Na saruji je?
3. Mwulize mzee mmoja wa kwenu jinsi nyumba za zamani zilivyojengwa. Andika sentensi tano.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.