Saa 80 za Libby Zion

Usiku wa tarehe 4 Machi 1984, Libby Zion, binti wa miaka 18, alipokelewa New York Hospital, Manhattan, akiwa na homa na mwili ukimtetemeka. Daktari wa wodi alikuwa mwanagenzi mwenye miezi minane tu kazini, na usiku ule wagonjwa wapatao 40 walikuwa wakimtegemea yeye. Libby alichomwa sindano ya pethidini ili atulie. Kumbe alikuwa akitumia fenelzini, dawa ya sonona, na dawa hizo mbili hazipatani kabisa. Alipozidi kuhangaika, wauguzi walipiga simu. Mwanagenzi, aliyebanwa na wagonjwa wengine, akaagiza afungwe kitandani. Alfajiri joto lake lilipita nyuzi 41, na moyo ukasimama.

Baba yake, Sidney Zion, mwanasheria na mwandishi wa magazeti, hakuzika akanyamaza. Alitaka watu washtakiwe kwa mauaji. Jopo la raia lililochunguza kisa hicho halikumshtaki daktari yeyote; lawama liliuelekezea mfumo wa wanagenzi kukesha kazini.

Mfumo huo ulikuwa na umri wa karibu karne moja. Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa Baltimore mwaka 1889, na mpasuaji William Halsted akawataka wanafunzi wake walale humohumo hospitalini; ndiyo maana Wamarekani huwaita madaktari walio mafunzoni wakazi hata leo. Halsted mwenyewe alikuwa ametekwa na kokeini, kisha mofini. Huyo ndiye aliyewawekea wengine kipimo cha ustahimilivu!

Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo kwa madaktari hao: saa 80 za kazi kwa wiki, zisizozidi 24 mfululizo. Kikomo cha saa 80 kikaenea Marekani nzima mwaka 2003.

Wapasuaji wakongwe walilalamika kwamba zamu fupi humfanya mgonjwa apokezanwe kama kijiti, na kila makabidhiano hudondosha jambo. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2011 wanagenzi wa mwaka wa kwanza walipewa zamu zisizozidi saa 16, lakini jaribio kubwa la upasuaji lililochapishwa 2016 halikuona tofauti ya vifo kati ya ratiba zenye vikomo vikali na zile zilizolegezwa. Mwaka uliofuata zamu zikarudi saa 24, na nyongeza ya saa 4 za makabidhiano.

Vifo vya wodini, hata hivyo, si hesabu yote. Utafiti wa 2005 ulionyesha kuwa wanagenzi waliotoka zamu ndefu walikabiliwa na hatari ya ajali ya gari zaidi ya maradufu. Mgonjwa naye haulizwi kama yuko radhi kutibiwa na aliyekesha. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2009, kikomo cha madaktari walio mafunzoni ni wastani wa saa 48 kwa wiki.