Jumuiya ya Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Jumuiya ya Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (inajulikana zaidi kwa kifupi chake DARUSO) ni chombo cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nchini Tanzania. Inawawakilisha mbele ya uongozi wa chuo, hasa katika mambo ya mikopo, malazi, taaluma na nidhamu. Wengi huiita "serikali ya wanafunzi", kwa sababu ina rais, mawaziri, na bunge lenye spika.

Jina la DARUSO ni la miaka ya 1990 tu. Kabla yake chuo kilikuwa na jumuiya nyingine zilizovunjwa au kupigwa marufuku.

Historia

Chuo kilianza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima nje ya mji, na ndiyo maana hadi leo huitwa "Mlimani".

Mgogoro mkubwa wa kwanza kati ya wanafunzi na serikali ulitokea tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwalazimisha wahitimu kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambapo kwa sehemu kubwa ya muda huo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza karibu 400 na kuwarudisha makwao. Siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa masomoni mwaka uliofuata.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 upepo uligeuka. Kikundi kipya, kilichojulikana kama USARF, kiliikosoa serikali kutoka upande wa kushoto: kiliona ujamaa unakwenda polepole mno. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, baadaye rais wa Uganda, na John Garang wa Sudan alikuwa miongoni mwa wanachama. Mhadhiri Walter Rodney kutoka Guyana alikuwa karibu nao. Jarida lao Cheche lilitoka mara ya kwanza mwaka 1969. Novemba 1970 jarida na kikundi vyote vilipigwa marufuku.

Mwaka huohuo chuo kikawa chuo kikuu kinachojitegemea, na jumuiya ya wanafunzi ikaitwa DUSO. Julai 1971 mwenyekiti wake, Mkenya Symonds Akivaga, aliandika barua ya wazi kumkosoa makamu mkuu wa chuo. Polisi walimchukua chuoni akarudishwa Kenya, na wenzake wakagomea masomo. Tukio hilo bado hukumbukwa kama "mgogoro wa Akivaga".

DUSO ilifika mwisho mwaka 1978. Tarehe 5 Machi wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge, na zaidi ya 300 wakafukuzwa. Mahali pa DUSO paliwekwa MUWATA (Muungano wa Wanafunzi Tanzania), chombo kilichokuwa chini ya jumuiya ya vijana ya chama tawala. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi wanafunzi walikuwa na viongozi, lakini hawakuwa na jumuiya yao wenyewe. Kukataa MUWATA kulichangia migomo ya mwisho wa miaka ya 1980. Mei 1990 chuo kilifungwa kwa miezi kadhaa. DARUSO ilizaliwa baada ya hapo.

Mshauri wa Wanafunzi

Ofisi iliyo karibu zaidi na DARUSO kwa upande wa utawala ni ya Mshauri wa Wanafunzi. Inashughulikia malazi, ushauri nasaha, michezo na wanafunzi wenye mahitaji maalumu, lakini pia nidhamu. Hapo ndipo ugumu wake ulipo: mwanafunzi mwenye shida huambiwa aende kwenye ofisi ileile inayoweza kumwita kujibu mashtaka. Malazi yalipata nafuu mwaka 2017 zilipofunguliwa hosteli za Magufuli, zenye nafasi 3,840.

Mikopo

Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ianze kazi mwaka 2005, madai mengi ya wanafunzi hayaelekezwi tena kwa chuo peke yake. Fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi huziita "bumu", hutoka kwenye Bodi; zikichelewa, DARUSO hulalamikia ofisi iliyo nje ya chuo. Desemba 2019 viongozi wa DARUSO waliipa Bodi saa 72 kuwalipa wanafunzi waliokuwa hawajapata fedha zao. Chuo kiliwasimamisha masomo.

Wahitimu

Mwanafunzi akihitimu huacha kuwa mwanachama wa DARUSO na kuingia Baraza la Masajili, chombo cha wahitimu wa chuo. Baraza hilo huwakutanisha wahitimu, hujadili mambo ya chuo na kuhamasisha michango. Jakaya Kikwete na John Magufuli, marais wa nne na wa tano wa Tanzania, ni miongoni mwa waliosoma Mlimani.

Deni la mkopo nalo humfuata mhitimu kazini. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yaliongeza makato kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofanya deni liendelee kukua hata kwa aliyekuwa analipa, ilifutwa mwaka 2021.