Gari la Mabua Halina Jalada

Nyaraka za kikoloni zinazohusu Kilosa zina maneno mengi juu ya kodi, pamba, mkonge na vibarua. Mtoto wa miaka minne hupatikana humo kwa nadra, na akipatikana, mara nyingi ni mgonjwa. Kwamba alicheza, kwamba bibi yake alimwonyesha namna ya kuunganisha vipande vya bua kwa vijiti mpaka likatokea gari, hakuna karani aliyeona haja ya kuliandika. Wanafunzi wangu wakiuliza tutaisomaje historia ya watu wasioandikwa, huwaambia waanze na kitu ambacho mtoto alikitengeneza kwa mabaki ya nyumbani. Mabaki hushuhudia nyumba ilikuwa na nini.

Reli ya Kati, inayopita Kilosa, ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Ilileta bidhaa za dukani, na bidhaa zikaleta kopo. Kopo tupu ni mali: hupimia mchele, huchotea maji, hugeuzwa kibatari. Mtoto hulirithi likiwa limekwisha toboka, na mikononi mwake huwa behewa. Wazee waliokulia kwenye mashamba ya mkonge ya upande wa Kimamba husimulia nyuzi za katani zilizosukwa kuwa nywele za wanasesere wa matambara. Mikumi ni hadithi nyingine. Reli ya tawi iendayo Kidatu inapita hapo, lakini barabara kuu ya Iringa na Zambia ndiyo iliyowateka watoto, na gari lao ni lori: waya, vifuniko vya chupa, na magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili zilizochakaa. Hata mpira una tarehe zake. Ule wa mifuko ya rambo ulianza kuadimika baada ya katazo la tarehe 1 Juni 2019, na matambara na soksi zikarudi kazini.

Makumbusho ya Ulaya yalikusanya kwa bidii mwana hiti, kinyago kidogo cha mti ambacho Wazaramo, Wakwere na majirani zao walimkabidhi mwali wakati wa kufundwa. Kitambaa kilichofungwa na mtoto wa miaka mitano hakikuwavutia wakusanyaji kwa kiasi hicho.

Nchini Marekani, kila Oktoba, walimu wa chekechea na wazazi huketi na watoto kukata popo wa karatasi nyeusi na kuchonga taa za maboga kwa ajili ya Halloween. Desturi hiyo ilitoka Ireland na Uskoti, ambako taa zilichongwa kwenye tunipu. Wahamiaji walipovuka bahari wakakuta boga, kubwa na jepesi kuchongeka. Nayo, basi, ni historia ya kile kilichokuwapo jikoni. (Kilosa boga huliwa pamoja na majani yake, hivyo sitarajii kumwona mtu akilitoboa macho.) Lakini kule kazi hiyo ina vitabu vyake na muda wake katika ratiba ya darasa. Kwetu mtoto aliyeinamia gari lake huambiwa aache upuuzi, akachote maji.

Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 iliiheshimu kazi ya mikono, ila Mwalimu Nyerere alitaka mtoto aanze shule akiwa na miaka saba au zaidi, ili amalizapo awe mkubwa wa kutosha kuifaa jamii yake. Katika shule nyingi kazi ya mikono ikawa jembe. Aliye chini ya umri huo alibaki kwa bibi, na bibi hakuwamo katika mpango wowote. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliitambua elimu ya awali katika mfumo rasmi. Ile ya 2014 ikaipa nafasi kubwa zaidi. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto walifurika, na madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo.

Hapo ndipo neno kufaragua lilipopata nguvu. Mwalimu wa awali huhimizwa kufaragua zana kwa vitu vya mazingira yake: vifuniko vya kuhesabia, maboksi, mabua. Nalipenda neno hili na ninaliogopa. Ustadi uliozaliwa na uhaba ukishaandikwa katika mwongozo wa serikali, uhaba wenyewe hupata uhalali, na fungu la vifaa ndilo la kwanza kukatwa. Tena mtengenezaji amebadilika. Zamani mtoto ndiye aliyekata, akafunga, akakosea, akarudia. Katika madarasa niliyopata kuyatembelea, mwalimu huitengeneza zana usiku peke yake, kisha huitundika juu ukutani isije ikachanwa, na watoto huitazama kwa mbali.

Mabua na vifuniko vinaokotwa, lakini gundi, mikasi isiyo na ncha na rangi hununuliwa. Watumishi wa halmashauri mnaosoma hapa mnakijua kifungu ambacho vitu hivyo vingeweza kuandikwa. Nyuma yake pangekuwa na mstari mmoja mfupi wa posho ya bibi, siku moja kwa juma, aje darasani na kisu chake na mzigo wa mabua.