Njaa ya watoto Kabalo: feza ya serkali inapashwa kutoka wapi?

Kabalo ni moja ya teritware sita za jimbo la Tanganyika, jimbo lililozaliwa mwaka wa 2015 wakati Katanga ilipogawanywa. Mto Lualaba unapita hapo, na reli za kutoka Kamina, Kindu na Kalemie zinakutana hapo. Udongo unatoa muhogo, mahindi na karanga, mto unatoa samaki. Hata hivyo, kuna watoto wanaokonda na wengine wanaovimba miguu juu ya kukosa chakula cha kutosha.

Sababu ni nyingi. Tangu mwaka wa 2013, mapigano kati ya Watwa na Waluba yalifukuza watu katika Nyunzu, Manono na Kabalo. Mtu akikimbia wakati wa kupanda, njaa inamufuata mpaka mavuno mengine. Barabara ni mbaya, kwa hiyo mazao yanauzwa kwa bei ya chini. Mama anauza karanga zake ili apate chumvi, sabuni na dawa, na mtoto anabaki na bukari ya muhogo tupu. Bukari inajaza tumbo, lakini peke yake haijengi mwili.

Ugonjwa unajulikana namna gani? Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, wahudumu wa afya wanapima mkono kwa kanda ya rangi. Chini ya sentimita 11,5 ni nyekundu: utapiamlo mkali. Kati ya 11,5 na 12,5 ni manjano: hatari iko karibu. Mtoto aliyevimba miguu yote mbili, ile watu wanaita bwaki, anapelekwa kwenye matunzo hata kama kanda haionyeshi nyekundu.

Dawa yake ni chakula cha karanga, maziwa, sukari na mafuta, kinachokuja katika pakiti. Kila pakiti ina gramu 92 na kalori 500. Karto moja ina pakiti 150, na mtoto mmoja anaweza kuhitaji karibu karto nzima ili apone.

Nani analipa? Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya feza imetoka inje, kupitia UNICEF, PAM na mashirika mengine. Mwanzo wa mwaka wa 2025 Marekani, iliyokuwa mufazili mukubwa kuliko wote katika Kongo, ilikata misaada yake. Hapo ndipo ilionekana wazi: uzima wa mtoto wa Kabalo hauwezi kutegemea uamuzi wa Washington.

Sheria za inchi zinasema nani ana daraka. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2006 kinahakikisha haki ya afya na ya usalama wa chakula. Kifungu cha 175 kinapatia majimbo 40 kwa mia ya mapato ya taifa. Huko Abuja, mwaka wa 2001, inchi za Afrika ziliahidi kuweka 15 kwa mia ya budje kwenye afya. Kongo haijafikia hapo. Programu ya taifa ya lishe, PRONANUT, iko, lakini programu bila feza haiwezi kujaza depo ya kituo cha afya.

Tena, feza yenye kuandikwa kwenye budje si feza yenye kutoka. Kwa hiyo wakaaji wana maulizo matatu ya kupelekea wabunge wao wa jimbo na wa taifa: kuna mustari wa lishe ya watoto katika budje? Ni franga ngapi zilitoka kweli? Zilifika katika zone ya afya gani? Wakati wa kuuliza unajulikana: kikao cha budje kinaanza mwezi wa tisa. Kuuliza kisha budje kupigiwa kura ni kuchelewa.

Kununua pakiti peke yake hakutoshi. Mbegu zikifika mbele ya mvua, na barabara za mashamba zikitengenezwa, watoto wachache ndio watafika kwenye rangi nyekundu. Kwa sasa, mzazi anayeona mtoto anakonda, anakataa kula au anavimba miguu, asingoje: amupeleke upesi kwenye kituo cha afya cha karibu.