Apa Pant

Apasaheb Balasaheb Pant (1912–1992), maarufu kama Apa Pant, alikuwa mwanadiplomasia na mtumishi wa umma wa India, na kamishna wa kwanza wa India huru katika Afrika Mashariki. Alizaliwa katika familia iliyotawala Aundh, dola dogo la magharibi mwa India, akasoma Oxford na sheria London. Aliporudi alishiriki mpango wa baba yake, uliofuata ushauri wa Gandhi, wa kuwakabidhi wanavijiji madaraka.

Mwaka 1948 Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alimpeleka Nairobi, akiwakilisha India pia Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kipindi hiki ndicho kilichompa jina. Aliwahimiza Wahindi, ambao wengi walikuwa wafanyabiashara waliojitenga, kushirikiana na Waafrika, na akasaidia vijana wa Kiafrika kupata ufadhili wa masomo India. Ukaribu wake na Jomo Kenyatta na wazalendo wengine uliwakera walowezi. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya mwaka 1952, Waingereza walishinikiza aondolewe. Aliondoka mwaka 1954.

Baadaye alihudumu Sikkim, Indonesia, Norwei, Misri, Uingereza na Italia.